Wa Tisa Kwenye Orodha

Paa la tembe likilowa mvua ya kwanza hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Ni harufu ya udongo uliokaa juani miezi saba, ikichanganyika na masizi ya moshi wa miaka mingi, samadi iliyosiribwa ukutani na majani makavu yaliyotandazwa juu ya fito kabla udongo haujamwagwa. Nyumba yetu ilikuwa ya namna hiyo, ndefu na ya chini, paa lake bapa tukianikia mlenda na karanga, na ndani yake kukiwa na giza lenye ubaridi hata jua likiwaka namna gani. Kijiji chetu kiko kusini ya Dodoma, njia ya kwenda Mtera, katika uwanda mkavu ambao watu wakiuona wakati wa kiangazi hawawezi kuamini kwamba maji yanaweza kumuua mtu pale. Kwetu sisi watoto harufu ile ilikuwa furaha tupu, maana ilileta mboga mbichi, vidimbwi na kumbikumbi. Bibi yangu alikuwa akiinusa anainua uso wake kutazama boriti zilizokuwa juu ya kitanda chake. "Paa limeanza kunywa," alikuwa akisema. Nilidhani anatania. Sikujua kwamba udongo ule ukishiba maji unakuwa mzito kupita kiasi, na kwamba miti iliyoubeba kwetu ilikuwa imeliwa na mchwa tangu kabla sijazaliwa.

Bibi alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Miaka mitatu kabla ya mambo ninayoyasimulia aliteleza akiwa anachota maji katika shimo tulilokuwa tukichimba kwenye mchanga wa korongo, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mabega mapana na kicheko cha kutoka tumboni, na ule mwili uliokuwa fahari yake ujanani uligeuka kuwa kazi ya watu wengine. Kumgeuza kulihitaji wawili. Kumtoa nje aote jua kulihitaji wanne, kila mmoja ameshika pembe ya ngozi ya ng'ombe aliyolalia. Baba alikuwa akivua samaki bwawani Mtera na alirudi nyumbani kila baada ya miezi miwili, akinukia dagaa na moshi wa kambi. Hivyo aliyemwogesha Bibi, aliyemlisha, aliyemsugua mgongo kwa mafuta ya alizeti ili asipate vidonda, alikuwa mama yangu, mkwewe. Waligombana kila siku kuhusu ugoro. Mama alisema unamkohoza, Bibi akasema kikohozi ndicho kinachomkumbusha kuwa yu hai. Halafu wanacheka wote wawili, na Mama anamletea kikopo chake cha ugoro akijifanya amekasirika.

Msimu mmoja kabla ya mambo hayo, tembe la mzee mmoja aliyeishi peke yake liliporomoka wakati wa mvua. Hakuna aliyejua. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi ndio waliomkuta siku ya pili. Watu wa kitongoji chetu waliona haya kubwa, aina ile ya haya inayowafanya watu wasitazamane usoni kisimani. Mtu amekufa katikati yetu, tukapita nje ya nyumba yake na majembe begani, na hatukubisha hodi. Ndipo mwenyekiti wa kitongoji alipoitisha mkutano kanisani, wazungumze namna ya kuwatunza wazee na wenye ulemavu ikitokea mafuriko, moto au njaa. Mama alichaguliwa kuwa katibu wa kamati kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Nilikuwa na miaka kumi wakati huo. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, nikimtazama akichora mistari kwenye daftari la shule kwa kutumia kipande cha ubao.

Katika mkutano ule alizungumza Danieli, fundi viatu, ambaye miguu yake ilikuwa imenyauka tangu utotoni na alitembea kwa magongo mawili aliyoyachonga mwenyewe. Watu walikuwa wakigawana kazi, nani atambeba nani, nani atatoa mkokoteni, na Danieli akasikiliza kwa muda mrefu kabla ya kunyoosha mkono. "Mnatupanga kama magunia," alisema. "Hilo sawa, gunia linahitaji kupangwa. Lakini mimi nina mdomo. Mngeniuliza kwanza." Mwenyekiti akamuuliza basi anataka nini. "Mimi niondoeni kwenye orodha. Kibanda changu kiko hapa juu kanisani, maji hayafiki. Nipeni ile rimu ya lori inayogongwa kuita watu kanisani. Nikiona korongo linashuka, nitaigonga mpaka mnisikie." Watu walipiga makofi. Mama aliandika jina lake upande wa pili wa daftari, pamoja na majina ya watakaosaidia, na nilimwona Danieli akichungulia kuhakikisha limeandikwa huko.

Baada ya hapo Mama alipita nyumba kwa nyumba. Alimaliza wiki nzima. Aliuliza maswali ambayo kamati haikumtuma: kama mtu anaweza kukaa mwenyewe bila kuegemea, kama anasikia, anatumia dawa gani, chooni anasaidiwa na nani, anaogopa nini. Mzee Lemanya na mkewe, wote vipofu, walisema wanaogopa kutenganishwa, basi akaandika wabebwe pamoja. Mwishowe majina yalikuwa tisa. Mpango ulikuwa kuwapeleka wote shuleni, kwenye mwinuko, ambako madarasa yalikuwa na paa za bati. Mkokoteni ungekuwa wa Mzee Chilongani, mwenye punda wawili. Kila mgonjwa alipewa watu wa kumwinua, na Bibi, kwa uzito wake, alipewa wanaume wanne, mmoja wao akiwa baba yangu mdogo. Orodha ilifuata ukaribu wa korongo. Aliyekuwa karibu zaidi na maji alianza.

Mama aliposoma majina mbele ya watu, Bibi alikuwa wa tatu. Hakuna aliyeweza kubisha, maana nyumba yetu ilikuwa ya upande wa chini na kila mtu aliijua. Lakini nyuma yetu mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, si kwa sauti ya chini sana: "Ndiyo raha ya kushika kalamu. Mkwe wake tayari yuko juu ya gari." Nilimwona Mama akisita. Alikuwa mtu asiyeweza kustahimili kushukiwa. Afadhali umpige kofi. Alichukua kifutio, akafuta taratibu, akapuliza vumbi la karatasi, akaandika jina la Bibi chini kabisa. "Wangu ninaye ndani," alisema. "Atakuwa wa tisa." Mwenyekiti alimwambia haina haja. Mama akasema imekwisha.

Jioni alimweleza Bibi. Nilikuwa nikichochea moto na nilisikia yote. Bibi alicheka kile kicheko chake mpaka kitanda kikalia. "Vizuri, mwanangu. Nitapata muda wa kumaliza ugoro wangu." Kisha akamshika Mama mkono, akaushikilia kwa muda.

Mwisho wa kiangazi tulifanya siku ya kujaribu. Danieli aligonga rimu, watu wakatoka mbio huku wanacheka, na mkokoteni ukaanza kupita nyumba moja baada ya nyingine. Bibi alipofika shuleni, amekaa juu ya magodoro kama bibi harusi, wanawake walimpigia vigelegele, naye akawapungia mkono. Tulipika ugali wa uwele na nyama ya mbuzi, tukala pamoja uwanjani. Tulianza saa mbili asubuhi na Bibi alifika shuleni jua likiwa utosini. Hakuna aliyesema kwamba huo ni muda mrefu. Wala hakuna aliyesema jambo ambalo sasa naliona wazi kabisa, kwamba siku ile ya kujaribu watu wote walikuwa nyumbani kwa sababu walikuwa wameambiwa wabaki. Katika mawazo yetu mafuriko yalikuwa kitu cha usiku, kitakachotukuta tumelala wote, wenye nguvu na wasio na nguvu, chini ya mapaa yaleyale.

Mvua za mwaka ule zilikuja mapema na hazikupumzika. Ilipofika Januari paa letu lilikuwa limekunywa kwa wiki tatu mfululizo. Mama alipanda juu mara mbili kuongeza udongo mahali palipovuja, ingawa kuongeza udongo ni kuongeza mzigo. Hapakuwa na njia nyingine. Asubuhi ninayoizungumzia, kwetu haikunyesha kabisa. Kulikuwa na jua, na watu walifurahi kulipata, wakachukua majembe wakavuka korongo kwenda kupalilia uwele, maana mashamba yetu yote yalikuwa ng'ambo. Korongo lenyewe lilikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo. Mama alibaki kwa sababu ilikuwa siku ya kumwogesha Bibi. Mimi nilibaki kwa sababu shule ilikuwa imefungwa kwa wiki moja, vyoo vikiwa vimejaa maji.

Saa nne hivi tulisikia rimu. Kwanza nilidhani Danieli anaita watu wa kwaya. Kisha haikunyamaza. Mama alisimama na kitambaa mkononi, maji ya sabuni yakidondoka, na ndipo tukasikia sauti nyingine chini ya ile ya rimu, ngurumo nzito isiyotoka mbinguni. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu milimani, na korongo lilikuwa linaileta. Mama alimfunika Bibi shuka, akanishika mabega. "Kaa na Bibi. Usitoke. Nakuja." Akachukua daftari kutoka juu ya kasha la nguo, akakimbia.

Nilitoka mpaka mlangoni nikaona. Korongo lililokuwa na mchanga mweupe lilikuwa mto mwekundu, mpana kuliko barabara, ukibeba miti mizima na mzoga wa ndama. Ng'ambo yake, ukingoni, walikuwa wamejipanga watu wetu. Wote. Walikuwa wamekimbia kutoka mashambani waliposikia rimu, na maji yakawa yamewatangulia. Niliwatambua mmoja mmoja kwa nguo zao: baba mdogo na shati lake la kijani, vijana wa kumbeba Mzee Lemanya, wanaume wote wanne wa kumwinua Bibi. Walikuwa wakipiga kelele, midomo ikifunguka na kufumbika, na hakuna neno lililotufikia. Wengine walikuwa wameweka mikono kichwani. Walisimama pale hivyo karibu siku nzima, wakitutazama.

Upande wetu walikuwapo Mama, Mzee Chilongani mwenye mkokoteni, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na miaka inayokaribia sabini, na mwanamke mmoja mjamzito aliyeitwa Mama Sechelela. Wengine walikuwa watoto, Danieli na magongo yake kule juu, na wale tisa. Watu hao watatu walifuata orodha. Walikwenda kwanza kwa Mzee Lemanya na mkewe, wakawaweka pamoja kama Mama alivyoahidi, wakapita mbele ya nyumba yetu kuelekea shuleni. Mama alikuwa akisukuma kwa nyuma. Nilipaza sauti, "Mama, Bibi je?" Akajibu bila kugeuka, "Bado. Kaa ndani."

Waliporudi kwa mara ya tatu, maji yalikuwa yameingia nyumbani kwetu. Hayakuja kwa nguvu. Yalipenya chini ya mlango taratibu, yakazunguka mafiga, na moto ukazima kwa mlio mdogo kama mtu anayesonya. Kuku walipanda kitandani kwa Bibi. Alinielekeza niweke unga juu ya kichanja, nitundike nguo, nifungulie mbuzi, na nilifanya yote, nikashukuru kuwa na la kufanya. Mkokoteni ulisimama mlangoni, mtupu. Bado walikuwa watatu: Mzee Kusila na Mama Ezekieli, waliokuwa mbele yetu, mbali zaidi na korongo lakini katika bonde ambalo maji yalikuwa yameshalijaza, wale ambao Bibi alikuwa mbele yao kabla ya kifutio, na Bibi. Mama aliingia ndani, maji yakimfika katikati ya muundi wa mguu, akasimama tu, akihema.

Mzee Chilongani alisema kutoka nje, "Mama Nyemo, tumefika mlangoni. Tumchukue mkweo."

Mama alimtazama Bibi. Bibi akamuuliza, "Nani amebaki?"

"Mzee Kusila. Na Mama Ezekieli."

"Wao maji yamewafika wapi?"

Mama alitazama maji miguuni pake. Bibi akasema, "Ninyi ni watatu, na huyo mmoja ana mimba. Mkianza kuninyanyua mimi mtamaliza nguvu hapa hapa, na wale wawili watakufa. Nendeni. Mkirudi mtanikuta."

Nilimshika Mama nguo. Nakumbuka ilivyokuwa imelowa na nzito mkononi mwangu. Nilisema, "Mama, mchukue Bibi, mchukue Bibi," na sikuweza kusema jambo jingine. Alinibandua vidole kimoja kimoja, akatoka. Nilisikia magurudumu yakifyonzwa na tope, na punda wakichapwa.

Tulibaki wawili. Bibi alinusa ugoro wake, akapiga chafya, akaniambia nimsogezee kichwa. Kisha akawa anasikiliza. Mimi nilisikia maji tu. Yeye alikuwa amelala chini ya boriti zile kwa miaka mitatu, alizijua. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyoitumia akinituma chumvi, "Nyemo, nenda kamwite mama yako. Mwambie aje na kamba." Nikasema Mama ameniambia nisitoke. "Mimi ndiye mama wa nyumba hii. Nenda. Kimbia." Nilikimbia. Nilifurahi kutumwa, hilo ndilo ambalo halijawahi kuniacha; nilifurahi kutoka mle ndani.

Niliwakuta si mbali, gurudumu moja limezama, wagonjwa wawili wakiwa juu wamekumbatiana, na Mama ameinama bega lake likiwa chini ya ubao. Aliponiona, alinyooka. "Nani yuko na Bibi?"

"Yuko mwenyewe. Amesema uje na kamba."

Kamba isingefanya kazi yoyote nyumbani kwetu, na Mama alilijua hilo papo hapo. Alikuwa bado ananitazama tuliposikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama watu wawili wameshusha gunia kwa pamoja. Vumbi halikupanda, kwa kuwa hakukuwa na vumbi. Paa lilikuwa tope.

Tulichimba kwa mikono. Mama alikuwa wa kwanza kufika, na nilimsikia akiita "Mama, Mama," kama mtoto mdogo. Mama Sechelela, na tumbo lake lile, alichimba kwa kikombe. Mzee Chilongani alipigana na gurudumu peke yake mpaka akafikisha wale wawili shuleni, akarudi. Danieli aliacha rimu, akashuka mlima kwa magongo yake, akaanguka mara nyingi, akaja akakaa kwenye tope na kuchota udongo kwa sufuria. Boriti moja ilikuwa imelala juu ya kifua cha Bibi, nasi sote pamoja hatukuweza kuiinua. Nilitazama ng'ambo. Wale wanaume walikuwa bado wamesimama. Walikuwa wameona paa likishuka. Baba mdogo alijitosa majini, wenzake wakamvuta kwa shati, akajitosa tena, wakamvuta tena wakamkalia.

Maji yalipoanza kupungua tuliweza kuchimba chini ya boriti na kumtoa kwa upande. Alikuwa hai. Tulimfikisha shuleni kwa mkokoteni, amelazwa juu ya mlango wetu. Alilazwa darasa la nne, chini ya ubao wenye hesabu za kugawanya ambazo hazikufutwa, na wale wanane wakiwa wamelala kuzunguka kuta, wakikohoa, wakimwombea. Asubuhi yake alifumbua macho akamuuliza Mama, "Wote wamefika?"

"Wote, Mama."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi," alisema Mama, ingawa tulikuwa tumebaki na mmoja tu. Bibi alikata roho kabla ya saa sita. Wanaume walivuka alasiri ile, wameshikana mikono, maji yakiwa kiunoni, wakamkuta ameshafunikwa.

Baba alifika siku ya nne. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kifusi cha nyumba, akaomba kuliona daftari, na Mama akampa. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa maji lakini penseli haifutiki kwa maji. Alisoma kwa muda mrefu. Shangazi, dada yake, ndiye aliyesema palepale msibani, mbele ya wanawake wote: "Angekuwa mama yake wa kumzaa, angemwandika wa tisa?" Baba alimwambia anyamaze. Lakini hakumgeukia Mama, na Mama aliliona hilo. Baba alijenga nyumba ndogo ya bati, kwenye mwinuko, kisha akarudi Mtera, na safari zake za kuja nyumbani zikaanza kuchelewa.

Baada ya mvua kuisha alikuja mgeni kutoka wilayani. Ulifanyika mkutano shuleni, na mpango wetu ukasifiwa kuwa mfano kwa vijiji vingine, kwamba watu wanane wasiojiweza waliokolewa na watu watatu na mkokoteni mmoja. Ilikuwa kweli. Mama aliitwa mbele, akawekewa kitenge kipya begani, akaombwa aseme mawili matatu. Alisimama hata watu wakaanza kukohoa. "Walikuwa tisa," alisema. Akarudi kukaa. Watu walipiga makofi, wasijue wafanye nini kingine. Hakuwahi tena kukubali kuandika kitu chochote cha kijiji, hata orodha ya michango ya harusi.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipopata ujasiri wa kumwambia. Tulikuwa tukichagua mchele. Nilimwambia kwamba Bibi alinituma makusudi, na kwamba mimi nilikwenda kwa furaha. "Najua kwamba alikutuma," alisema. "Ningeshangaa angekuacha mle." Kuhusu furaha yangu hakusema lolote. Aliendelea kutoa vijiwe, akaviweka kimoja kimoja kwenye kifuniko. Kisha akasema, "Mimi huwa nafika pale mlangoni. Mkokoteni mtupu, Chilongani ananingoja. Kila siku nafika pale, Nyemo, na mpaka leo sijui." Nilingoja aendelee, lakini mchele ulikuwa umekwisha, akainuka kwenda kuuosha.

Sasa anaishi nami hapa Dodoma mjini. Magoti yake yamekwisha na jicho moja halioni vizuri. Nyumba yetu ni ya matofali, ina bati na dari, na kuna mfereji wa saruji mbele yake ambao mvua ikizidi hufurika mpaka uani, maana wenye viwanja vya juu yetu wamejenga juu ya njia ya maji. Tuna mambo ambayo Danieli hakuyaota: simu, kundi la mtaa la kupeana habari, lami inayofika mpaka kona. Ninafanya kazi ofisini, upande wa Chimwaga. Natoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri, narudi jioni giza likianza. Mama anashinda na binti wa kazi, mtoto wa miaka kumi na saba mwenye mwili kama wa ndege.

Mwezi uliopita mjumbe wa mtaa alipita na fomu. Wanataka kujua wazee na wenye ulemavu walipo, ili ikitokea dharura wajue pa kuanzia. Fomu ni nzuri, imechapishwa, ina mahali pa kuandika maradhi na dawa. Chini kuna mstari wa jina la mtu atakayemsaidia, asiwe anaishi mbali. Kwa siku tatu nilipita kwenye mageti ya jirani zangu kutafuta jina la kuweka pale. Miaka sita nimeishi mtaa huu na mageti mengine ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyagonga. Kwa wengine walinijibu mbwa. Kwingine alitoka mwalimu mstaafu ambaye ana moyo mgonjwa, akaniomba radhi kama vile ni kosa lake. Mwishowe nilikwenda kwa dada anayeuza mboga na mkaa pale kona, maana huyo nina hakika yuko mchana kutwa. Ana mikono yenye nguvu. Alinisikiliza vizuri, akifunga mafungu ya mchicha.

"Nitakudanganya nikikubali, dada," alisema. "Mvua ikinyesha kubwa mimi naikimbilia shule ya chekechea, wanangu wako huko. Halafu hata mama yangu mwenyewe yuko Kondoa, kitandani, na sijui leo nani amemgeuza."

Alinipa fungu moja la mchicha bure. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, akiomba nimsaidie kuinuka. Nilimwinua, ni mwepesi siku hizi. Usiku ule niliandika jina langu kwenye ule mstari, na namba yangu ya simu, nikijua kwamba si kweli, na asubuhi nikiwa njiani kwenda kazini nikairudisha fomu.